RILEI NYINGI KWA NYAYA MBILI
Maikrokontrola katika umwagiliaji wa vitunguu saumu

Katika nyanda za juu za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, mvua za masika zikishakwisha ardhi hukaa miezi mingi bila kupata maji ya kutosha. Wakulima wa sehemu za Bashay na vijiji vya jirani, ambako kitunguu saumu ni zao linalofahamika sana, hutegemea mifereji, visima na pampu. Zao hili lina tabia yake. Mizizi yake haiendi mbali chini ya ardhi, kwa hiyo hudai maji kidogo kidogo lakini mara kwa mara. Yakizidi, tunguu huoza, yakipungua, hudumaa. Ndiyo sababu shamba hugawanywa katika vitalu na maji hupitishwa kwa zamu.

Ichukuliwe mfano wa mkulima mwenye kisima kimoja, pampu moja na vitalu vinane, kila kitalu na vali yake. Akitaka kumwagilia vyote hapana budi afungue na kufunga vali mara kumi na sita kwa siku. Akisahau vali moja, kitalu kimoja hufurika na kingine hukauka, na maji ya kisima, ambayo wakati wa kiangazi hayana mbadala, hupotea bure. Kazi ya namna hii, yenye kurudiwa kila siku kwa saa maalumu, inaweza kufanywa na chombo cha elektroniki. Makala haya yaeleza jinsi kompyuta ndogo sana inavyoweza kuongoza rilei nyingi, na mambo ambayo mjenzi wa chombo hicho hana budi kuyaangalia ili kisilete hasara kubwa kuliko ile kiliyokusudiwa kuizuia.

1. Rilei ni nini?

Rilei ni swichi inayofungwa kwa sumaku badala ya kidole. Ndani yake mna koili ya waya mwembamba iliyozungushiwa kipande cha chuma. Mkondo wa umeme ukipita katika koili, chuma hugeuka sumaku na kuvuta mkono mdogo wa chuma. Mkono huo husukuma vipande viwili vya metali vikagusana, na mkondo mwingine, mkubwa zaidi, ukapata njia. Mkondo wa koili ukikatwa, springi huurudisha mkono mahali pake.

Jambo la kukumbukwa ni kwamba baina ya koili na miguso hakuna waya unaounganisha. Kinachovuka ni nguvu ya sumaku peke yake. Kwa njia hiyo saketi ya volti 5 inaweza kutawala saketi ya volti 230 bila ya hizo mbili kuchanganyika.

Fikra hii ni ya zamani. Mwanasayansi wa Marekani Joseph Henry aliitumia mwaka 1835, na simu za maandishi za karne ya 19 ziliitegemea ili ishara iliyodhoofika njiani ipewe nguvu mpya. Mwaka 1941 mhandisi Konrad Zuse wa Ujerumani alimaliza kuunda kompyuta iitwayo Z3, iliyofanya hesabu zake kwa rilei zaidi ya 2,000. Mwaka 1947 mafundi wa kompyuta ya rilei katika Chuo Kikuu cha Harvard walimkuta nondo amenaswa ndani ya rilei moja, naye akabandikwa katika daftari la kazi. Kisa hicho kina funzo kwa mashamba pia: sanduku la rilei lisilozibwa vizuri hugeuka nyumba ya sisimizi na mijusi.

Rilei ya kawaida ina ncha tatu upande wa miguso: ncha ya kati, ncha ya mguso ulio wazi wakati koili haina umeme, na ncha ya mguso uliofungwa wakati koili haina umeme. Uchaguzi baina ya hizo mbili za mwisho ni muhimu sana, nao utaelezwa mbele.

2. Maikrokontrola

Maikrokontrola ni kompyuta nzima iliyowekwa ndani ya chipu moja: ina sehemu ya kukokotoa, kumbukumbu, na pini za kupokea na kutoa ishara. Bodi inayotumiwa sana na wanafunzi na wapenzi wa elektroniki ni Arduino, iliyoanzishwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, ili watu wasio wahandisi waweze kujifunza kwa gharama ndogo. Aina yake iitwayo Uno, iliyotoka mwaka 2010, hutumia chipu ya ATmega328P inayopiga hatua milioni 16 kwa sekunde. Ina pini 14 za ishara za ndiyo na hapana, na pini 6 zaidi za kupimia volteji. Programu huandikwa katika kompyuta ya kawaida, ikahamishiwa kwenye bodi kwa waya. Baada ya hapo bodi hufanya kazi peke yake shambani.

3. Kwa nini pini haiwezi kuendesha rilei moja kwa moja

Koili ya rilei ndogo ya volti 5 ina ukinzani wa omu 70 hivi. Kwa kanuni ya Ohm:

Mkondo = volteji ÷ ukinzani = 5 ÷ 70 = ampea 0.071, yaani miliampea 71.

Pini ya chipu ya ATmega328P inafaa kutoa miliampea 20, na kiwango ambacho haipaswi kukivuka kamwe ni miliampea 40. Mwanafunzi anayeunganisha koili kwenye pini moja kwa moja anaitaka pini ifanye kazi isiyoiweza, na huenda akaiunguza chipu.

Dawa yake ni transista. Pini hupeleka mkondo mdogo kwenye mguu wa kati wa transista, nayo hufungua njia kwa mkondo mkubwa wa koili. Kwa kipinga cha omu 1,000, na volti 0.7 zinazobaki kwenye transista, mkondo wa pini ni (5 − 0.7) ÷ 1,000 = ampea 0.0043, yaani miliampea 4.3 tu. Transista ya 2N2222 hubeba miliampea 71 bila taabu.

Hesabu ya pili isisahauliwe. Rilei nane zikifungwa kwa pamoja hudai 8 × 71 = miliampea 568. Umeme huo hauwezi kutoka katika bodi ya maikrokontrola. Ni lazima koili zipewe chanzo chao. Aidha, mtu akishusha volti 12 za betri hadi volti 5 kwa kidhibiti cha kawaida kinachopoteza ziada kama joto, joto hilo ni (12 − 5) × 0.568, karibu wati 4, nazo zatosha kuunguza kidole. Palipo na betri ya volti 12 ni afadhali kununua rilei za koili ya volti 12. Koili hizo huwa na ukinzani wa omu 400 hivi na kila moja hutumia miliampea 30 tu.

4. Teke la koili

Koili haipendi mkondo wake ukatizwe ghafla. Mkondo ukikatwa, sumaku inayonywea huzalisha volteji yake yenyewe, na kadiri mkondo unavyokatwa upesi ndivyo volteji hiyo inavyokuwa kubwa. Ichukuliwe koili yenye kipimo cha henri 0.1, inayokatiwa mkondo wa ampea 0.071 katika muda wa sekunde 0.00001:

Volteji = 0.1 × 0.071 ÷ 0.00001 = volti 710.

Transista ya volti 40 haiwezi kustahimili teke hilo. Kwa hiyo daiodi, kwa mfano 1N4007, huwekwa sambamba na koili, ikielekezwa kinyume cha mkondo wa kawaida. Wakati wa kazi daiodi imelala. Mkondo ukikatwa huamka na kuupa mkondo wa koili njia ya kuzunguka hadi uishe wenyewe kwa upole. Solenoidi ya vali ni koili pia, na kubwa zaidi. Ikiwa inatumia umeme wa betri, nayo ihitaji daiodi yake.

5. Kuongeza rilei kwa nyaya mbili

Vali nane, pampu, vipima unyevu vya udongo, kipima kina cha kisima na saa vyote vikidai pini, pini za Uno haziko mbali kwisha. Vitalu vikifika kumi na sita, haziwezi kutosha. Hapo ndipo inapoingia bodi ya kuongezea rilei.

Mwaka 1982 kampuni ya Philips ya Uholanzi ilibuni njia ya kuzungumzisha chipu kwa nyaya mbili tu: waya mmoja hubeba habari, wa pili hupiga mapigo ya saa ili mpokeaji ajue lini aisome kila alama. Chipu nyingi zaweza kushiriki nyaya hizo hizo kwa kuwa kila moja ina anwani yake, kama nyumba za mtaa mmoja zinazopitiwa na tarishi mmoja.

Chipu ya PCF8574 husikiliza nyaya hizo na kutawala matokeo manane. Anwani yake huwekwa kwa pini tatu, kila pini ikiunganishwa ama na volti 5 ama na sifuri. Pini tatu zenye hali mbili mbili hutoa anwani 2 × 2 × 2 = 8. Hivyo chipu nane za aina moja hutawala rilei 64, na bado maikrokontrola imetumia pini mbili tu.

Chipu hii ina tabia ambayo mjenzi hana budi kuijua. Ikitoa 0 inaweza kumeza mkondo wa kutosha. Ikitoa 1 husukuma mkondo hafifu mno. Tena, inapowashwa matokeo yake yote huwa 1. Kwa sababu hizo mbili huunganishwa na bodi ya rilei iliyo ya aina inayofunga kwa 0 na kufungua kwa 1. Muungano huo una faida kubwa: umeme uliokatika ukirudi, hakuna rilei inayojifunga yenyewe kabla programu haijaanza. Chipu nyingine ya kuongezea, 74HC595, haina dhamana hiyo; ikiwashwa, matokeo yake yaweza kuwa yoyote, na ni lazima pini yake ya kuzuia matokeo ishikiliwe mpaka programu iwe tayari.

Nyaya hizo mbili zilikusudiwa kwa masafa mafupi, ndani ya chombo kimoja. Bodi ya rilei ikae katika sanduku moja na maikrokontrola. Nyaya ndefu ziwe zile zinazotoka kwenye rilei kwenda kwenye vali.

6. Hesabu ya biti nane

Chipu hupokea namba moja yenye biti nane, yaani baiti. Kila biti ni rilei moja, na rilei ya kwanza iko mwisho wa mkono wa kulia. Thamani za biti, kuanzia kulia, ni 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64 na 128; jumla yake ni 255.

Ikitakiwa rilei ya kwanza na ya nne zifungwe, alama ni 00001001, yaani 8 + 1 = 9. Lakini kwa kuwa bodi hufunga kwa 0, kila biti hupinduliwa: 11110110, yaani 246. Njia ya mkato ni kutoa katika 255: 255 − 9 = 246. Kwa vitalu vinane namba za kupelekwa ni hizi:

Kitalu 1: 255 − 1 = 254
Kitalu 2: 255 − 2 = 253
Kitalu 3: 255 − 4 = 251
Kitalu 4: 255 − 8 = 247
Kitalu 5: 255 − 16 = 239
Kitalu 6: 255 − 32 = 223
Kitalu 7: 255 − 64 = 191
Kitalu 8: 255 − 128 = 127
Vyote vifungwe: 255

Mwalimu wa hisabati anaweza kuitumia orodha hii darasani, kwa maana hapa mfumo wa namba wenye tarakimu mbili unaonekana ukifungua maji.

7. Utaratibu wa programu

Programu nzuri hufuata mpangilio ambao mkulima mwenye busara angeufuata kwa mikono yake:

(a) Kabla ya jambo lolote jingine, peleka 255 ili vali zote zifungwe, na hakikisha pampu imezimwa.
(b) Soma saa na kina cha kisima. Maji yakiwa chini ya alama, usianze.
(c) Fungua vali ya kitalu cha kwanza, ngoja sekunde tano, kisha washa pampu.
(d) Muda wa kitalu ukiisha, fungua vali ya kitalu kinachofuata kwanza, ngoja, ndipo uifunge ile ya awali.
(e) Kitalu cha mwisho kikimaliza, zima pampu, ngoja, kisha funga vali yake.

Sababu ya (c) hadi (e) ni moja. Pampu isisukume maji kwenye bomba lililozibwa pande zote, kwani kasi ya maji ikikatizwa ghafla hugeuka pigo linaloweza kupasua maungio. Katika hatua ya (d) vali mbili huwa wazi pamoja kwa sekunde chache. Kutoka kitalu cha kwanza kwenda cha pili namba hizo hufuatana hivi: 254, kisha 252, kisha 253.

8. Programu ikikwama

Swali kubwa la kazi hii halihusu jinsi ya kuwasha pampu. Ni hili: kitatokea nini kompyuta ikikwama wakati pampu inafanya kazi, usiku, na hakuna mtu shambani? Pampu ya kisima huipoza mota yake kwa maji yanayopita; kisima kikikauka naye mwenye kuizima amekwama, mota huungua. Kwa familia inayotegemea zao moja la kiangazi, hasara hiyo ni ya msimu mzima.

Kinga ya kwanza imo ndani ya chipu yenyewe. ATmega328P ina saa ya mlinzi: programu isipoigusa katika muda uliowekwa, ambao waweza kufika sekunde 8, mlinzi huianzisha maikrokontrola upya. Lakini kinga hii haitoshi. Chipu ya PCF8574 haianzishwi upya pamoja na maikrokontrola. Huendelea kushika namba ya mwisho iliyopewa mpaka ipelekewe nyingine au ikatiwe umeme. Ndiyo maana hatua ya (a) hupeleka 255 kwanza. Na ikiwa kilichokwamisha kazi ni zile nyaya mbili zenyewe, pengine kwa msukosuko wa umeme wa mota, basi hata namba hiyo huenda isifike.

Kinga ya pili iwe nje ya programu. Umeme wa koili ya rilei ya pampu upitie kwanza swichi ya boya au vijiti vya kupimia maji ndani ya kisima. Maji yakishuka, umeme hukatika hata kama kompyuta inasema vingine. Kinga ya tatu ni rilei kuu inayolisha nyingine zote, inayoshikiliwa na mapigo yanayotolewa na programu kupitia kapasita. Kapasita hupitisha mabadiliko na huzuia hali tulivu; programu ikikwama, iwe kwenye 0 au kwenye 1, mapigo hukoma na rilei kuu huachia. Mapigo hayo yatolewe na mzunguko mkuu wa programu, yasitolewe na saa ya ndani ambayo huendelea kupiga hata programu ikiwa imekufa.

Mwisho, pawe na swichi ya mkono. Fundi akiwa mbali, mkulima aweze kumwagilia bila kompyuta.

Hapa ndipo uchaguzi wa miguso unapoonekana umuhimu wake. Pampu huunganishwa kwenye mguso ulio wazi, ili koili ikikosa umeme pampu izimike. Feni ya banda la vifaranga huunganishwa kinyume chake, kwenye mguso uliofungwa, kwa maana huko hatari ni feni kuzimika. Mjenzi ajiulize kwanza ni hali ipi iliyo salama, ndipo ashike waya.

9. Umeme wa jua na umeme wa gridi

Juu ya rilei ndogo huandikwa ampea 10, volti 250. Maandishi hayo ni ya mkondo geu. Mkondo geu wa Tanzania, wenye mizunguko 50 kwa sekunde, hupita sifuri mara 100 kila sekunde, na cheche inayozuka miguso ikiachana huzimika hapo. Mkondo mnyoofu haupiti sifuri. Rilei hiyo hiyo huruhusiwa volti 30 hivi tu za mkondo mnyoofu. Mtu akiitumia kukata safu ya paneli za jua yenye volti mia na zaidi, cheche huendelea kuwaka hadi miguso iyeyuke na sanduku lishike moto. Pampu za sola zizimwe kwa kupitia ncha za amri za kidhibiti cha pampu, ambazo ni za volteji ndogo.

Kwa umeme wa volti 230, mota inapoanza huvuta mkondo ulio mara kadhaa ya ule wa kawaida. Rilei ndogo itawale kontakta, nayo kontakta itawale mota. Kazi hiyo ifanywe na fundi aliyefuzu, kukiwa na fyuzi na waya wa ardhi. Mwanafunzi asiguse volti 230 kwa jaribio lolote.

10. Jaribio la darasani

Shule ikiwa na bodi moja ya Arduino, chipu moja ya PCF8574 na bodi ya rilei nane, jaribio zima laweza kufanyika kwa betri ya volti 12 na balbu ndogo nane badala ya vali. Wanafunzi wapeleke namba za sehemu ya 6 na kuandika balbu ipi imewaka. Kisha, balbu moja ikiwa inawaka, wachomoe waya wa habari na kuona kwamba balbu haizimiki. Jambo hilo huwafundisha sehemu ya 8 kuliko maelezo marefu. Kazi zilizokamilika zaweza kupelekwa katika Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yaliyoanzishwa mwaka 2019.

Chombo kilichoelezwa hapa hakiongezi tone la maji katika kisima. Kinachofanya ni kuyapeleka maji yaliyopo mahali pake kwa wakati wake, na kunyamaza kwa usalama pale kinaposhindwa. Sifa hiyo ya pili ndiyo inayotofautisha mchezo wa darasani na chombo cha kuaminiwa shambani.

Maswali

1. Kwa nini koili ya rilei haiunganishwi moja kwa moja na pini ya maikrokontrola?
2. Ni namba gani ipelekwe ili vitalu vya 2 na vya 6 vipate maji pamoja?
3. Chipu tatu za PCF8574 hutawala rilei ngapi, na maikrokontrola hutumia pini ngapi?
4. Vali inayovuta ampea 0.4 iko mita 100 kutoka kwenye sanduku. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 una ukinzani wa omu 0.0115 kwa mita. Volti ngapi hupotea njiani? (Kumbuka kwenda na kurudi.)
5. Taa ya kuonya kwamba umeme umekatika iunganishwe na mguso upi wa rilei, nayo ipate umeme wake wapi? Toa sababu.

Majibu ya hesabu: (2) 255 − 34 = 221. (3) Rilei 24, pini 2. (4) 200 × 0.0115 × 0.4 = volti 0.92.